Kisiwa Kisicho na Kwato

Eeddo Habiba hakulia. Baba yangu alizikwa Garissa mwezi uliopita, baada ya swala ya adhuhuri, na nyumba ikajaa wanawake mpaka viatu vikafika barabarani. Katika wanawake wote hao, dada yake wa damu, eeddo yetu, yaani shangazi, alikaa kwenye godoro karibu na dirisha, macho yenye mtoto wa jicho yakitazama ukuta, akinywa chai ya maziwa kama mtu aliyealikwa harusini. Watu wakaanza. Msiba wetu haukosi wa kunong'ona. "Uzee huo," akasema mmoja. "Uzee gani? Huyu moyo wake mkavu tangu zamani," akajibu jirani yangu, mwanamke ambaye hata kwenye swala shingo yake haitulii. Eeddo hasikii vizuri siku hizi, lakini hilo alilisikia. Akaweka kikombe chini. "Huyo nilishamlilia," akasema. "Nilimlilia nikamaliza. Mnataka nimlilie mara ngapi?" Wakatazamana, wakadhani amechanganyikiwa. Mimi nikakimbilia jikoni, nikasimama katikati ya masufuria ya watu, nikacheka mpaka kicheko kikageuka kilio, kwa sababu katika nyumba ile nzima ni mimi peke yangu niliyekuwepo siku alipomlilia.

Ulikuwa ule mwaka wa ukame, ng'ombe wa upande wetu wa Masalani walipokuwa wakilala jioni na asubuhi hawainuki. Nilikuwa na miaka kumi na sita, nipo kidato cha pili, na nilijiona bingwa wa Kiswahili. Bingwa! Nimefundisha lugha hii maisha yangu yote ya kazi na sasa nimestaafu, kwa hiyo niruhusiwe kusema ukweli: Kiswahili chetu cha miaka ile kilikuwa na pengo mdomoni. Kisomali hakina p wala v. Mwalimu wetu naye alikuwa mtoto wa palepale, na yeye mwenyewe alituma barua kwa "bosta", akavaa "fiatu", na mgonjwa alimwambia "bole sana". Tulimfuata kama kondoo. Masikioni mwetu sauti hizo zilikuwa kitu kimoja, hatukujua kwamba kuna mlango pale, sembuse kwamba umefungwa. Nilipata alama nzuri, nikasifiwa, na nikaamini kwamba Mswahili yeyote akifungua mdomo nitamwelewa.

Baba alikuwa ameondoka na ng'ombe waliobaki, akaelekea misituni upande wa pwani kutafuta majani. Alisema atarudi kabla ya Ramadhani. Ramadhani ikaja, Idi ikapita, hakuna baba wala salamu. Hapo ndipo adeer Yusuf, kaka yake mkubwa, alipoanza kuja nyumbani kila jioni. Anakaa kwenye kigoda cha baba, anasafisha koo, anamtazama mama. Kwetu mtu akifa, ndugu yake humwoa mjane ili watoto wasitawanyike. Ni desturi ya heshima, sina ugomvi nayo, ila inataka kwanza mtu awe amekufa. Jioni moja nilikuwa nyuma ya ukuta wa mabati nikisugua sufuria, nikamsikia akisema, "Ijumaa ijayo baada ya swala wazee watakaa. Tutasema Abdi amekufa, uanze eda yako. Nimesubiri vya kutosha." Nikaacha kusugua. Mama akasema, "Mimi si mjane, Yusuf. Bado sijaambiwa na mtu aliyemwona."

Na mtu aliyemwona alikuwepo, tatizo ni kwamba hakuna aliyetaka kumwamini. Dereva wa lori la ng'ombe alisema soko zima likisikia kwamba alivuka maji kupeleka mbuzi wa harusi kwenye kisiwa fulani cha wavuvi, na kule alimwona mtu mwenye ndevu za hina, anaburuta mguu wa kushoto, anapasua samaki ufukweni. Alipomwita, mtu yule alimgeuzia mgongo. Watu wakacheka. Abdi Guled na samaki? Mtu wa ng'ombe, ambaye hata sardini ya mkebe ikifunguliwa alihama kivuli? Adeer Yusuf hakucheka, alikasirika. Alisema kumtafuta ndugu yake kwa walaji samaki ni kumtukana marehemu. Lakini mguu wa kushoto ulikuwa kweli. Fahali alimkanyaga baba ujanani, na tangu hapo mguu ule ulipinda nje na kuacha alama ambayo sote tuliijua. Mama hakubishana na mtu. Alikunja nguo zangu kwenye leso, akamwita eeddo Habiba, akatuambia: "Nendeni. Wewe una Kiswahili, yeye ana umri. Akija, aje. Hataki kuja, nileteeni neno lililotoka mdomoni mwake. Lakini Ijumaa isinikute sina kitu mkononi."

Safari ya lori hadi gatini sitaisimulia, vumbi ni vumbi. Lakini eeddo alipoiona bahari mara ya kwanza, wallahi, alisimama akaishika buibui yake kwa mikono miwili. "Maji yote haya," akasema, "na hata ng'ombe mmoja hanywi?" Boti ilikuwa ya mashine, imejaa magunia ya unga, madumu ya maji, na wanawake waliotutazama kwa huruma kwa sababu tulikuwa tumekaa chini kabisa, tumeshikana mikono. Eeddo alitapika, akaomba msamaha kwa Kisomali, akatapika tena. Nahodha, mtu mpole mwenye kofia ya kushonwa kwa mkono iliyofifia rangi, akampa ndimu anuse. Mimi nilikuwa nikihesabu kichwani: leo Jumatano, boti hairudi hadi kesho asubuhi, lori la kurudi ni kesho mchana, Ijumaa ndiyo hiyo. Kosa moja tu, mama angekuwa mke wa adeer.

Kisiwa kile sikitaji jina, wenyewe ni watu wa kimya na hawapendi kusimuliwa. Unashuka majini, viatu mkononi, isipokuwa eeddo, aliyeshuka navyo na kukipoteza kimoja. Kisha ni mchanga. Mchanga mweupe njiani, mchanga barazani, mchanga ndani ya nyumba, umefagiwa ukabaki na mistari ya ufagio. Nyumba zilikuwa chache, msikiti mdogo, nyavu zimetandazwa kwenye miti, na ukimya ambao mtoto wa mifugo haujui: hakuna kengele ya ngamia, hakuna mbuzi anayelia. Eeddo hakutazama nyumba. Alitembea ameinamisha kichwa, anasoma chini kama tulivyozoea kwetu. Akasimama. "Kwato ziko wapi?"

"Hapa hawafugi, eeddo."

"Hata punda?"

"Hata punda, naona."

"Basi ndugu yangu hayuko huku. Twende zetu."

Boti ilikuwa imeshaondoka. Tulikaribishwa na Bi Mwanaharusi, mjane wa makamo mwenye sauti ya kuamrisha, aliyetuingiza chumbani kwake kabla hata ya kuuliza sisi ni nani. Nakikumbuka chumba kile kuliko vyumba vingi nilivyolala tangu hapo: kitanda cha kamba, mkeka wa rangi ya zambarau, dirisha dogo lenye ubao, na ukuta mwembamba unaotenganisha na jiko. Nilimwambia tunamtafuta Abdi Guled, mtu wa bara. Akakunja uso. "Abdi simjui. Yuko Msomali mmoja, sisi twamwita Bara. Lakini huyo hana watu, mwanangu. Watu wake wote walikufa kwa njaa, mke na watoto. Alitwambia mwenyewe, akilia." Nikamtafsiria eeddo. Akapumua, nusu faraja, nusu huzuni. "Si yeye, basi. Lakini tumwone. Yuko wapi?" Nikauliza. Bi Mwanaharusi akasema, "Amekwenda kuvua tangu alfajiri." Mimi nikasikia "kufua". Nikamgeukia eeddo, nikamwambia kwa uhakika wote wa kidato cha pili, "Amekwenda kufua nguo." Eeddo akashika kifua. "Mwanamume? Anafua nguo tangu alfajiri? Astaghfirullah, si ndugu yangu huyo, haiwezekani."

Wakatuletea wali wa nazi na samaki mzima, jicho lake linatutazama. Eeddo akauliza kama kuna maziwa. Yalikuwepo ya mkebe. Akayanywa kwa adabu, akamsukumia samaki upande wangu, nami nikamsukumia upande wa ukuta. Tulikuwa hivyo, kila mmoja anakula wali kwa pembeni, niliposikia wanawake wakiongea jikoni. Sauti ya kwanza ilikuwa ya mgeni aliyeingia akihema.

"Umesikia? Papa wamemtoa majini."

"Lini?" Hiyo ni sauti ya Bi Mwanaharusi.

"Sasa hivi. Yule mkubwa aliyekuwa akizunguka hapa siku zote. Amenasa kwenye nyavu, wamemkuta ashakufa."

"Wamemlaza wapi?"

"Bandani pale ufukweni. Wamemfunika, wangoja jua lipungue wamshughulikie."

Sasa nikuulize wewe unayesoma. Mtoto wa Masalani, ambaye katika maisha yake hajaona papa wala picha yake, ambaye kwake "bosta" ni posta, asikie nini? Nilisikia baba. Baba wamemtoa majini. Baba yule mkubwa aliyekuwa akizungukazunguka hapa. Ashakufa, wamemlaza, wamemfunika. Nikarudisha tonge sahanini. Eeddo akaniona uso. "Wamesema nini? Naa, we msichana, wamesema nini?" Nikamwambia kwa Kisomali, neno kwa neno. Sikumbuki kama nililia. Nakumbuka eeddo alivyosimama taratibu, akajifunga buibui kiunoni, akasema "Inna lillahi wa inna ilayhi raji'un" kwa sauti ya kawaida kabisa, kisha akapiga ukelele ambao nina hakika kisiwa kile hakijasahau. Akatoka mbio, mguu mmoja una kiatu na mwingine hauna, na mimi nyuma yake.

Banda lilikuwa la makuti, halina kuta. Ndani yake, juu ya mchanga, alilazwa mtu mrefu, amefunikwa magunia yaliyolowa maji, na nzi wakizunguka. Eeddo akaanguka magotini. Alilia kwa majina: Abdi mwana wa mama yangu, Abdi aliyenibeba mgongoni kuvuka mto, Abdi uliyekufa ugenini bila wa kukufunga kidevu. Akapiga mchanga kwa viganja. Akaomba msamaha kwa kila ugomvi waliogombana tangu utoto, mwingine wa mbuzi, mwingine wa kibuyu, na akamsamehe yeye yote. Mimi nilisimama nikiwaza nitamwambiaje mama, na nikiwaza pia, Mungu anisamehe, kwamba adeer Yusuf alikuwa amesema kweli. Kisha eeddo akasema lazima tuone uso wake kabla hajaoshwa, akakamata pembe ya gunia, akavuta.

Kilichotokea kilikuwa mdomo. Mdomo upo chini ya kichwa, umejaa meno mstari juu ya mstari, na jicho dogo jeusi. Eeddo hakupiga kelele. Alibaki ameshika gunia, anatazama. Nyuma yetu Bi Mwanaharusi alikuwa amefika na nusu ya kisiwa, na sauti ya mzee mmoja ikauliza kwa upole mkubwa, "Jamani, hawa wanamlilia papa?" Mtu akaanza kucheka, mwingine akamnyamazisha. Nilitamani mchanga unimeze. Lakini eeddo hakuwa tena na habari na samaki. Alikuwa ametazama chini, kando ya goti lake. Pale mchangani kulikuwa na nyayo nyingi za watu, na katikati yake unyayo mmoja wa kushoto uliopinda nje, kisigino kimeburuzwa. Akaugusa kwa kidole. "Huu ni mguu wa Abdi," akasema. Akainuka, akaufuata, kichwa chini, kama anafuata ndama aliyepotea, mpaka ukingoni mwa maji.

Alikuwa amechutama akinoa kisu kwenye jiwe, ametupa mgongo. Alisikia kilio chote kile. Alimsikia dada yake akimlilia kwa jina na hakugeuka. Nilipolielewa hilo, kitu fulani ndani yangu kilikauka. Eeddo akachota mchanga ukajaa kiganja, akamrushia mgongoni. Akachota tena. Ndipo akageuka, ndevu zake za hina zimekuwa njano, amekonda, amevaa kikoi. Hakusema nasi Kisomali. Alinitazama akasema, "Pole, mwanangu." Pole, kwa p safi ya watu wa pwani. Baba yangu alikuwa ameshajifunza kusema p. Ndivyo nilivyojua kwamba hakupotea. Alikuwa amehamia.

"Bara," akasema Bi Mwanaharusi, mikono kiunoni, "hawa ni nani?" Baba akarudia kunoa kisu. "Nakuuliza. Hawa ndio watu wako waliokufa?" Hakuna aliyecheka tena. Nyumbani walikuwa wakijiandaa kumzika yeye, na huku yeye alikuwa ametuzika sisi zamani, mama na wote, na watu wema wa kisiwa wakampa pole na sahani ya chakula. Bi Mwanaharusi akatema mate mchangani. "Mimi niliwasomea dua ya arubaini hao," akasema, akaondoka.

Jioni alikuja kukaa kizingitini, hakuingia chumbani. Eeddo alimpa mgongo, ikabidi niongee mimi. Alisema ng'ombe waliumwa na mbung'o msituni, wakaisha mmoja mmoja, na wa mwisho alimfunika uso kwa kofia yake mwenyewe. "Ningerudi na nini? Na fimbo?" akauliza. Nikamwambia Ijumaa mama anatangazwa mjane, adeer anamngoja. "Yusuf amebakiwa na ng'ombe. Atawalisheni," akasema.

"Mama hakunituma kuuliza nani atatulisha. Amenituma nimpelekee neno lako."

"Mwambie nimemwacha."

Jikoni wakaacha kuosha vyombo. Sikuwahi kumjibu baba yangu maishani. "Hilo silibebi," nikasema. "Panda boti ukamwambie mwenyewe."

"Umekuwa na ulimi siku hizi."

"Wewe ndiye uliyenipeleka shule, aabo."

Akaondoka bila kuaga. Sikulala vizuri, na asubuhi nilipoamka nilishajua nitarudi na nini kwa mama: sina kitu.

Alikuja ufukweni, lakini alikuja kusukuma boti. Alisukuma na wanaume wengine mpaka maji yakamfika kiunoni, na wenzake walipoachia yeye hakuachia. Alishika ubavu wa boti, anatembea nayo majini, hapandi na haachi. Nahodha akawasha mashine, akaizima. "Bara, achia au panda. Maji yanajaa." Eeddo alikuwa ametazama mbele, kichefuchefu kimeshampanda, mkono mmoja una ile ndimu. Akaongea bila kumgeukia, kwa Kisomali, kila mtu akisikia na hakuna aliyeelewa isipokuwa sisi. "Abdi. Jana nimekulilia mbele ya watu wageni, juu ya samaki. Nilichokuwa nacho nimekitoa chote. Ukibaki hapa, siku utakayokufa kweli mimi sina chozi la kukupa. Utaondoka mkavu." Baba akapanda, maji yakimchuruzika, kisu bado kiunoni, akaketi juu ya gunia tupu akafunika uso. Bi Mwanaharusi akaingia majini na nguo zake, akamtupia kifurushi mapajani. "Shika! Mtu harudi kwake mikono mitupu, hata kama ni mwongo." Kilikuwa papa mkavu.

Tulifika Masalani Ijumaa wazee wakiwa wameshakaa. Harufu ilitutangulia. Adeer Yusuf alisimama, akatoka pale bila kumaliza chai yake. Mama akaja mlangoni. Akamtazama baba kuanzia ndevu hadi ule mguu, akaziba pua kwa ncha ya shali. "Kaoge," akamwambia. Hayo ndiyo niliyoyasikia. Mengine walisemezana wenyewe, miaka na miaka, hadi mama alipotangulia, Mungu amrehemu. Na kila mwaka kikaja kifurushi kutoka kisiwani. Baba alikila peke yake uani, nasi tukimkimbia. Samaki yule hakupata jina la Kisomali kwetu, alibaki papa, na eeddo alipolitamka, "baba", tulikuwa hatujui anamtaka nani.

Basi siku ile ya msiba, nilipokuwa nimesharudi kutoka jikoni na kuosha uso, watu wa kisiwani wakafika, binti wa Bi Mwanaharusi na nduguze, wamechoka kwa njia. Walikuwa wamekosa maziko. Waliweka kifurushi karibu na mlango, kimefungwa kwa karatasi na kamba, na wanawake wa karibu wakasogea wakiziba pua. Eeddo akainua kichwa. Akavuta hewa. "Kuna nini pale mlangoni?" akaniuliza. Nikapiga magoti, nikaweka mdomo sikioni mwake. Nimesahihisha p za watoto wa watu maisha yangu yote. Nilitaka kusema papa. Lakini midomo ilikuwa inatetemeka, na kilichotoka kilikuwa kilekile cha Masalani.

"Baba, eeddo."

"Wamemleta?" akasema, akanyoosha mikono miwili kuelekea mlangoni. Na ndipo alipolia.